Laptopu haizeeki, inazeeshwa

Dadangu mdogo alipopata barua ya kujiunga na chuo, mamangu alikuwa na elfu thelathini na tano za laptopu. Pesa za chama. Zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, na kila shilingi ilikuwa imeshapangiwa kazi kabla haijaingia kwa simu. Akaniita jikoni akaniambia, "Wewe ndiye wa mambo ya kompyuta, mpeleke msichana tao. Lakini nataka mpya. Mpya kabisa, ya kutoka kwa karatasi."

Tukaenda. Duka la kwanza kabisa, kijana wa kaunta akatutolea mbili. Moja mpya, nyembamba, rangi ya fedha, stika bado zinang'aa. Ya pili nyeusi, nzito kidogo, laptopu ya ofisi ya mwaka 2018 iliyotoka Uingereza, zile tunaita ex-UK. Bei karibu sawa. Dadangu akaishika ile ya fedha vile mtu hushika mtoto mchanga. Mimi nikasoma kikaratasi chake: RAM 4GB zilizochomelewa kwa bodi, hifadhi 64GB ya aina ya eMMC, yaani binamu wa memori kadi ya simu, na prosesa ya daraja la chini kabisa. Nikamwambia dadangu hii mpya itakuwa mzee kabla hajamaliza mwaka wa kwanza. Kijana akacheka. "Boss, hiyo ingine ni ya 2018! Kompyuta ni kama simu, miaka mitatu imeisha hiyo."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hii post. Wengi wetu tunaiamini, na shida ni kwamba iliwahi kuwa kweli. Ilikuwa kweli kabisa, kisha ikaacha kuwa kweli, na unaweza kuweka kidole kwenye miaka yenyewe ilipoacha. Kwa taarifa yako, haya yote nayaandika kwa laptopu ya mwaka 2012.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 Intel walitoa Pentium ya kwanza. Ilikimbia kwa megahezi 60, na nyingine 66. Machi 2000 AMD na Intel wakavuka gigahezi 1, wakipishana siku chache tu. Mwisho wa 2004 kulikuwa na Pentium 4 ya gigahezi 3.8. Piga hesabu: miaka 11, mwendo umepanda zaidi ya mara 60. Gari la jirani likiongeza mwendo mara 60 na lako libaki pale pale, bila shaka utajiona uko na mkokoteni.

Na softiwea ilikuwa inakula hiyo nguvu yote bila kushiba. Windows 95 iliomba angalau RAM 4MB. Sio GB, ni MB. Windows XP ya 2001 ikaomba 64MB. Vista ilipofika Januari 2007 ikasema 512MB ndiyo kiwango cha chini, na aliyewahi kuitumia na hizo 512MB atakuambia ilikuwa mateso. Kutoka 4 hadi 512 kwa miaka 12. Kwa hivyo mzee aliyenunua kompyuta ya ofisi mwaka 1996 na kuambiwa 2001 kwamba ni takataka, hakudanganywa. Ilikuwa takataka. Wazazi wetu na walimu wetu walijifunza kompyuta katika miaka hiyo, wakatufunza sheria ya miaka hiyo, na sisi tukaibeba tu.

Sasa angalia kilichotokea. Intel walikuwa wameahidi Pentium 4 ya gigahezi 4. Oktoba 2004 wakaifuta. Sababu kubwa ilikuwa joto. Ukiongeza mwendo wa prosesa unaongeza umeme, umeme unaleta joto, na ilifika mahali chipu ingegeuka jiko. Watu walikuwa wamezoea kwamba kadiri transista zinavyopunguzwa ukubwa, ndivyo zinavyotumia umeme kidogo, kwa hivyo mwendo unapanda bure. Hiyo bure iliisha katikati ya miaka ya 2000. Ndiyo maana mpaka leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, ukienda dukani bado unasomewa "gigahezi 2 na kitu, 3 na kitu". Hatujawahi kupata laptopu ya gigahezi 50.

Badala ya kukimbia zaidi, wakaanza kuongeza vichwa. Core 2 Duo ya 2006 ilikuwa na viini viwili vya kufanya kazi pamoja. Na hapo ndipo kitu cha ajabu kinaanza, kwa sababu kazi nyingi za mtu wa kawaida hazihitaji vichwa kumi. Kuandika insha ni kazi ya kichwa kimoja, na hicho chenyewe muda mwingi kimekaa tu kikikungojea ufikirie sentensi inayofuata.

Microsoft nao walipunguza ulafi. Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009 iliomba GB 1 ya RAM, au 2 kwa ile ya biti 64. Windows 8, 2012: vile vile. Windows 10 ilipotoka Julai 2015: vile vile. Kulinganisha na ile safari ya 4 hadi 512, hapa ni kama historia ilisimama kando ya barabara ikanunua mahindi choma.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa prosesa mbili. Ya kwanza inaitwa i5-2520M. Ilitoka mwanzoni mwa 2011 na ilijaa kwa laptopu za ofisi za wakati huo, kama ThinkPad T420. Viini 2, mwendo wa kawaida gigahezi 2.5. Ya pili inaitwa i5-7200U, ya 2016, na ilikuwa kwa laptopu mpya kabisa watu walizokuwa wananunua 2017. Viini? 2. Mwendo wa kawaida? Gigahezi 2.5. Vizazi vitano mbele, na stika ya "i5" iling'aa vile vile. Nisiwe mwongo: ile ya pili ilifanya kazi zaidi kidogo kwa kila pigo, na ilitumia wati 15 wakati mzee wake alikuwa anatumia hadi 35, kwa hivyo laptopu zikawa nyembamba na betri ikadumu. Hiyo ni kazi ya maana. Lakini kama wewe unafungua Word, barua pepe na video ya darasa, miaka hiyo sita ilikuletea wepesi wa begi, basi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Intel walikwama kiwandani, wakakaa kwa teknolojia ya nanomita 14 kuanzia 2014 kwa miaka mingi kuliko walivyopanga, na mshindani wao AMD alikuwa amelala. AMD waliamka Machi 2017 na Ryzen. Miezi michache baadaye, Agosti 2017, ghafla laptopu nyembamba za i5 kizazi cha 8 zikawa na viini 4. Ushindani huo. Kumbuka hiyo namba 8, tutairudia, kwa sababu imekuja kuamua mambo ambayo haikustahili kuamua.

Sasa hii inatuhusu vipi hapa kwetu? Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha nyumbani badala ya kitu cha saiba kwa dakika. Baada ya hapo serikali nayo ikahamia huko. eCitizen, kodi ya KRA, mkopo wa HELB, kuchagua kozi, kila kitu kikawa fomu ya mtandaoni. Watu walihitaji kompyuta ghafla na doo ya kompyuta mpya hawakuwa nayo. Wakati huo huo, kampuni za Ulaya na Marekani zina desturi ya kubadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu au minne hivi, ziwe zimechoka au hazijachoka. Hizo ndizo zilijaza Moi Avenue na Luthuli. Ni mitumba tu, ila badala ya jaketi ni EliteBook. Na mitumba ina siri moja kila mtu wa Gikomba anaijua: shati kuukuu lililoshonwa vizuri linaishi kuliko jipya lililoshonwa ovyo.

Yangu ilikuja hivyo, 2019, ngiri kumi na nane. Nyeusi kama sufuria ya githeri ya shule. Ilikuwa na RAM 4GB na diski ya zamani ya kuzunguka, na kusema ukweli wiki ya kwanza nililia. Unaiwasha, unaenda kuchemsha chai, unarudi bado inafikiria. Fundi mmoja wa ghorofa ya pili, jamaa mpole hivi, akaniuliza, "Buda, umewahi kujua inakaa nini hii?" Akafungua skrubu moja chini, akachomoa ile diski, akanionyesha. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na mkono unaotembea juu yake kutafuta data, kama sindano ya santuri. Kila faili, mkono lazima usafiri. Inachukua milisekunde kumi na kitu kila safari, na kuwasha kompyuta ni maelfu ya safari. SSD haina sahani wala mkono, data inapatikana kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Akaniwekea SSD ya 240GB, akaongeza RAM ikafika 8GB kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa na nafasi mbili za kuchomeka. Nililipa kama ngiri sita hivi. Nikaiwasha nikadhani amenipa laptopu ya mtu mwingine.

Tafadhali elewa hapo. Prosesa ilikuwa ile ile. Nilichokuwa nikiita uzee kilikuwa kipande kimoja cha kuchomoa. Ile ya fedha ya dukani, ambayo kila kitu kimechomelewa, haina hiyo nafasi ya pili ya maisha. Ikichoka imechoka na vyote vyake.

Halafu Machi 2020 ikaja, shule na vyuo vikafungwa, masomo yakahamia Zoom na Meet. Huo ndio mtihani mkubwa zaidi hizi laptopu zilipata, na nobe, zilipita. Yangu ilikuwa inapiga kelele ya feni kama mathree ya Rongai ikipanda mlima, lakini nilimaliza muhula. Kuna wenzangu walisomea kwa simu yenye skrini ya nchi sita, wakaandika insha ya kurasa kumi kwa kidole gumba. Waulize kama wangekataa laptopu ya 2012.

Kelele ya feni, kwanza, ina historia yake, na hapa ndipo lazima nikubali kwamba kuna uzee wa kweli. Video za mtandaoni zinabanwa ili ziwe ndogo, kisha laptopu yako inazifungua. Mashine za 2011 na 2012 zina sehemu ndani ya chipu ya kufungua aina ya zamani ya ubanaji, H.264, bila jasho. Lakini YouTube walihamia aina mpya, VP9 na baadaye AV1, ambazo zinaokoa bando. Intel waliweka uwezo kamili wa VP9 kwa kizazi cha 7, na AV1 kwa kizazi cha 11, mwaka 2020. Laptopu isiyo na hiyo sehemu inalazimika kufungua video kwa nguvu ya prosesa yenyewe, ndio maana inachemka. Nimeweka kiongezi kwa brauza kinacholazimisha YouTube initumie H.264 na feni imetulia. Bando inaenda zaidi. Chagua ugonjwa wako.

Na kurasa za wavuti zenyewe zimenenepa. Fungua tabu kumi za brauza (jina lenyewe lishakuambia) na 4GB zimekwisha. Kuhariri video ya 4K, AutoCAD nzito, magemu mapya, hapo usinitaje. Kama unasoma usanifu wa majengo, post hii sio yako, omba mzazi msamaha utafute pesa zaidi. Core 2 Duo pia, mimi siwezi kumshauri mtu anunue leo, hata akipewa kwa bei ya viazi. Na betri hufa, hiyo ni kemia, haina mjadala.

Lakini uzee uliomshika dadangu pale dukani haukuwa huo. Ulikuwa uzee wa tangazo. Juni 2021 Microsoft walitangaza Windows 11, ikatoka tarehe 5 Oktoba mwaka huo. RAM waliomba 4GB tu, kitu ambacho hata yangu inacho mara mbili. Ila walisema lazima uwe na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Ile i5-7200U ya 2016? Nje. Laptopu iliyonunuliwa mpya Krismasi ya 2017 na prosesa hiyo ilikuwa na miaka isiyofika minne ilipoambiwa haitakiwi. Haikuwa imeharibika. Haikuwa nzito kwa kazi. Ilikuwa upande mbaya wa mstari.

Microsoft walisema ni usalama, na sitawapuuza, kwa sababu wizi wa nywila na data ni kitu halisi na hicho kijisehemu kinasaidia kulinda. Ninachokataa ni kuita hiyo "kuzeeka". Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaacha kupata masasisho ya bure ya kawaida. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikuwa imekadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta kama milioni 240 zinaweza kuishia kuwa takataka kwa sababu ya hatua hiyo. Baadaye Microsoft wakaongeza mwaka mmoja wa viraka vya usalama kwa watu wa kawaida wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Kumbe inawezekana kuongeza.

Google walionyesha hilo waziwazi zaidi. Chromebook zilikuwa zinatoka kiwandani zikiwa na tarehe ya kufa, siku ambayo masasisho yanakoma. Shule za Marekani zikalalamika sana kwamba zinatupa mashine nzima. Septemba 2023 Google wakatangaza kwamba zilizotoka kuanzia 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10. Siku moja kabla ya tangazo na siku moja baada ya tangazo, plastiki ni ile ile, chipu ni ile ile, skrubu ni zile zile. Kilichobadilika ni sentensi.

Basi nikamwelezea kijana wa kaunta hayo yote? Hapana wasee, tungefukuzwa. Nilimwonyesha dadangu kitu kimoja tu. Nikamwambia asome namba ya prosesa: i5-8250U. Kwa namba kama hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Nane. Kwa hivyo ile nyeusi ya 2018 ilikuwa upande mzuri wa mstari, ina viini 4, ina SSD ya 256GB, na RAM 8GB na nafasi ya kuongeza. Ile mpya ya fedha pia ilikuwa inakubali Windows 11, ndiyo, kwenye karatasi. Lakini zile GB 64, Windows yenyewe ikishakaa na masasisho yake, hakubaki mahali pa kuweka hata picha za kujiunga na chuo.

Dadangu akanyamaza. Akaifungua ile nyeusi, akajaribu kibodi, akaandika jina lake mara tatu. "Ni ugly lakini inaandika poa," akasema. Tukaangalia kamera, tukachomeka flashi kila tundu, tukawasha na kuzima mara mbili, tukamwambia muuzaji aandike dhamana ya miezi sita kwa risiti na agonge muhuri. Ngiri thelathini na mbili. Zile tatu zilizobaki tulinunua begi na kipanya, na chipsi, ambayo mama hajawahi kuambiwa.

Nyumbani kulikuwa moto. "Nilisema mpya! Mtoto anaenda chuo na kitu cha watu wa Uingereza, kama nguo ya marehemu?" Nilimwacha aongee. Kesho yake asubuhi nikamuuliza, "Mathe, cherehani yako ni ya mwaka gani?" Ni ya shosho. Akaniangalia vibaya, akaendelea kushona.

Mwezi uliopita ameniita. Yeye ndiye katibu wa chama sasa, na kitabu cha michango kimelowa mvua. Nikampa ile yangu ya pili iliyokuwa kabatini, ya 2013, ambayo Windows 11 haitaki hata kuiangalia. Nimeifuta, nikaiwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata viraka vya usalama, pamoja na LibreOffice. Nimemtengenezea jedwali lenye majina ya wanachama, michango na faini za kuchelewa. Jana usiku amenipigia saa nne akiwa mkali kweli, eti kompyuta imekataa. Nilikuwa tayari kuanza kuomba msamaha. Kumbe mwanachama mmoja anadaiwa faini mara tatu na jumla imetokea nyekundu, na mama anataka kujua kama anaweza kuichapisha hiyo nyekundu vile vile, aipeleke mkutanoni Jumapili.